Kando Nimewaachia Mbuzi

Picha pekee ya Akko, nyanya yetu, ilikuwa ya kitambulisho: uso, mabega, ukuta mweupe. Ungedhani alizaliwa ofisini.

Nikataka kumpiga yeye na wajukuu wote, nyumbani Isiolo. Canon yangu na lenzi yake ya 18-55 zikanigomea. Sensa yake ndogo hukata kando, kwa hiyo milimita 18 huona kama 29. Nikirudi nyuma nagonga ukuta, na wajukuu wawili bado wako nje ya picha. Nikajibana hadi nikapata 10-18 ya mtumba.

Lenzi pana zilisumbua hata waliotutangulia. Ndani ya kamera hizi kuna kioo kinachopanda na kushuka, hivyo lenzi haiwezi kukaa karibu na filamu. Mwaka 1950, Mfaransa Pierre Angénieux aliweka mbele vioo vinavyotawanya mwanga. Lenzi ikakaa mbali na bado ikaona upana.

Akko hakutaka habari za Angénieux. "Nipige nje," akasema. "Ukuta nimeuona wa kutosha."

Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwafungia wafugaji wa huku kambini, Garba Tulla na Merti zikiwemo. Mifugo ikaisha. Waborana huziita siku hizo Daaba, yaani kusimama. Akko alikuwa msichana.

Lenzi pana huvuta sura za walio pembeni. Basi Akko nimemweka katikati, wajukuu wamembana, na nyuma yao nyika hadi mwisho wa macho. Kando nimewaachia mbuzi.