Kura ya Mzazi na Lugha ya Karatasi: Uchaguzi wa Bodi za Shule za Jumuiya Jijini New York, 1969–2002

1. Utangulizi

Mwaka 1969 Bunge la Jimbo la New York lilipitisha sheria iliyogatua uendeshaji wa shule za umma katika jiji la New York. Mfumo huo ulikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni moja, nao ulikuwa mkubwa kuliko mwingine wowote nchini Marekani. Chini ya sheria hiyo, shule za msingi na za kati ziligawanywa katika wilaya za jumuiya, ambazo hatimaye zilifikia 32. Kila wilaya iliongozwa na bodi ya wajumbe tisa waliochaguliwa. Shule za sekondari ya juu zilibaki chini ya mamlaka ya kati. Sheria hiyo ilikuwa na kipengele kisicho cha kawaida: mzazi mwenye mtoto katika shule za wilaya aliruhusiwa kupiga kura hata kama hakuwa raia wa Marekani.

Bodi hizo zilifutwa kwa sheria ya mwaka 2002. Sababu zilizotajwa mara nyingi ni mbili: ufisadi katika baadhi ya wilaya, na uchache wa wapiga kura, ambao katika chaguzi za mwisho walikuwa takriban asilimia 5 au pungufu. Kutokana na sababu ya pili ilijengwa hoja kwamba wazazi hawakuwa na hamu ya kuziongoza shule. Makala haya yanaihoji hoja hiyo kwa kuitazama historia ya lugha katika chaguzi hizo. Yanadai kwamba sheria ilimpa mzazi haki ya kura, lakini lugha, utaratibu na majira ya uchaguzi viliiacha haki hiyo nje ya uwezo wa wengi waliokusudiwa kuipata.

2. Lugha na kura kabla ya mwaka 1969

Haiwezekani kuzielewa chaguzi za bodi bila kurejea mwaka 1921, wakati katiba ya jimbo ilipobadilishwa ili mpiga kura mpya athibitishe kwamba anaweza kusoma na kuandika Kiingereza. Sharti hilo lilikuja kuwaangukia kwa uzito watu wa Puerto Rico. Hao walikuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na walihamia New York kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliyemaliza shule kwa Kihispania nyumbani kwao, akisoma magazeti ya Kihispania kila siku, alihesabiwa mbele ya msajili kuwa hajui kusoma.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ililegeza sharti hilo. Kipengele chake kimoja kilimlinda mtu aliyemaliza darasa la sita katika shule iliyo chini ya bendera ya Marekani, hata kama lugha ya kufundishia haikuwa Kiingereza. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikithibitisha kipengele hicho mwaka 1966 katika kesi ya Katzenbach dhidi ya Morgan, iliyotokana na malalamiko ya wapiga kura wa New York waliotaka sharti la Kiingereza libaki. Kwa hiyo, uchaguzi wa kwanza wa bodi za jumuiya ulipofanyika mwaka 1970, kizazi kizima cha wazazi wa Puerto Rico kilikuwa kimetoka tu katika hali ya kunyimwa kura kwa sababu ya lugha.

3. Mgogoro wa mwaka 1968 na sheria iliyofuata

Mwaka 1967 jiji lilianzisha wilaya tatu za majaribio kwa msaada wa Wakfu wa Ford. Mojawapo ilikuwa Ocean Hill-Brownsville, Brooklyn, ambako wakazi wengi walikuwa weusi na watu wa Puerto Rico. Mei 1968 bodi ya eneo hilo iliwaandikia barua walimu na wasimamizi 19 kuwaondoa katika shule zake. Chama cha walimu cha United Federation of Teachers, chini ya Albert Shanker, kiliona kwamba haki za ajira zimevunjwa, kikaitisha migomo iliyodumu, kwa vipindi, kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba.

Mgogoro huo kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa rangi na ajira, na ndivyo ulivyokuwa kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, ndani yake lilikuwamo suala la lugha. Bodi ya Ocean Hill-Brownsville ilimteua Luis Fuentes, mzaliwa wa jamii ya Puerto Rico, kuwa mwalimu mkuu, na mafunzo kwa lugha mbili yakawa miongoni mwa madai ya wazazi. Sheria ya mwaka 1969 ilikuwa mapatano ya kisiasa baada ya vurugu hizo. Wilaya za majaribio zilimezwa na wilaya kubwa zaidi, na mamlaka juu ya walimu yaliwekewa mipaka. Wazazi walichobakiziwa ni uchaguzi.

4. Uchaguzi na vizuizi vyake, 1970–1974

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Machi 1970, na waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 15. Vizuizi vitatu vinastahili kutajwa. Kwanza, uchaguzi haukufanyika Novemba, mwezi ambao Wamarekani wamezoea kupiga kura. Chaguzi zilizofuata zilifanyika Mei. Pili, mfumo wa uwakilishi wa uwiano ulitumika: mpiga kura aliandika namba 1, 2, 3 na kuendelea mbele ya majina kwa kufuata upendeleo wake, na karatasi zilihesabiwa kwa mkono kwa siku nyingi. Mfumo huo uliyapa makundi madogo nafasi ya kupata viti, lakini ulihitaji maelezo ya kutosha. Tatu, maelezo hayo yalihitaji lugha ambayo mpiga kura anaielewa.

Mahali ambapo vizuizi hivyo vilionekana waziwazi ni Wilaya ya 1, Lower East Side, Manhattan. Wanafunzi wake wengi walikuwa wa Puerto Rico, pamoja na weusi na Wachina. Fuentes alikuwa mkuu wa elimu wa wilaya, naye alitetea mafunzo kwa lugha mbili. Katika uchaguzi wa Mei 1973, wagombea walioungwa mkono na chama cha walimu walipata wingi wa viti. Wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1974 jaji wa mahakama ya shirikisho aliubatilisha uchaguzi huo kwa kuwa uendeshaji wake uliwabagua wapiga kura wa makundi ya wachache, na mahakama ya rufani ikaafiki. Miongoni mwa yaliyobishaniwa ni namna wazazi walivyosajiliwa na msaada wa lugha uliotolewa vituoni.

Mwaka huohuo mambo mawili zaidi yalitokea. Katika kesi ya Torres dhidi ya Sachs, mahakama iliagiza chaguzi za jiji la New York ziendeshwe kwa Kiingereza na Kihispania. Tarehe 29 Agosti, mapatano kati ya shirika la Aspira na Bodi ya Elimu ya jiji yalithibitishwa na mahakama, yakiwapa watoto wanaozungumza Kihispania na wasiomudu Kiingereza haki ya kufundishwa kwa lugha mbili. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliingiza msaada wa lugha katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Hivyo, lugha ya darasani na lugha ya kituo cha kura zilidaiwa kwa wakati mmoja, na mara nyingi na watu walewale.

5. Washington Heights: ushahidi wa upande wa pili

Kama wazazi wahamiaji hawakujali, matukio ya Wilaya ya 6, kaskazini mwa Manhattan, yasingetokea. Katika miaka ya 1980 Washington Heights ilikuwa makazi ya wahamiaji wengi kutoka Jamhuri ya Dominika, na shule zake zilisongamana mno. Guillermo Linares, mwalimu aliyezaliwa Dominika, alichaguliwa katika bodi mwaka 1983. Mwaka 1986 kampeni ya kuwasajili wazazi, wengi wao wasio raia, ilifikia wapiga kura wapya wapatao 10,000. Walatino walipata wingi wa viti, na wilaya ikapata fedha za kukarabati na kujenga shule. Mwaka 1991 Linares alichaguliwa katika Baraza la Jiji, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Dominika kufanya hivyo.

Sheria ilikuwa ileile, na majira ya uchaguzi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba mzazi alifuatwa na watu wa jamii yake, akaelezwa kwa Kihispania nini kinaamuliwa na vipi namba zinaandikwa.

6. Kufutwa kwa bodi

Haitakuwa haki kudai kwamba lugha peke yake inaeleza kila kitu. Wapiga kura walikuwa wachache hata katika wilaya ambako Kiingereza kilitawala, na katika baadhi ya wilaya ajira zilitolewa kwa upendeleo wa kisiasa. Penye wapiga kura wachache, vyama vya siasa, chama cha walimu na mashirika yenye wafuasi waliopangwa vilishinda kwa urahisi. Lakini mfuatano wa matukio una jambo la kutufunza. Msaada wa lugha uliendelea kupanuka, na marekebisho ya mwaka 1992 yaliwafikia pia wapiga kura wa Kichina jijini. Wakati huohuo bodi zilikuwa zikipungukiwa: sheria ya Desemba 1996 ilihamishia kwa mkuu wa elimu wa jiji sehemu kubwa ya mamlaka yake. Mzazi alipoanza kuisoma karatasi ya kura, karatasi hiyo ilikuwa na machache ya kuamua.

Mwaka 1999 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipinga jaribio la kubadili mfumo wa kura, kwa kuona kwamba lingewadhuru wapiga kura wa makundi ya wachache. Huo ndio mwaka wa uchaguzi wa mwisho. Mwaka 2002 shule ziliwekwa chini ya Meya Michael Bloomberg, na kufutwa kwa bodi kuliondoa pia kura ya mzazi asiye raia.

7. Hitimisho

Nchi zetu zimejenga vyombo vinavyofanana na hivyo: kamati za shule nchini Tanzania, kamati za usimamizi wa shule chini ya Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008, na bodi za usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013. Sheria hizo mbili za mwisho zimeandikwa kwa Kiingereza. Mhamiaji au mkimbizi aliyevuka mpaka akiwa na watoto hukutana nazo kama mzazi wa Lower East Side alivyokutana na karatasi yake.

Mapendekezo ya makala haya ni mawili. Kabla ya kusema kwamba wazazi hawahudhurii mikutano wala hawagombei, wizara zichunguze taarifa za mikutano na chaguzi hizo hutolewa kwa lugha gani, na nani anazifafanua. Pili, bajeti ya uchaguzi wa kamati iwe na fungu la tafsiri na ukalimani tangu mwanzo. New York ilitoa kura mwaka 1970 na kuongeza lugha baadaye kwa amri za mahakama. Muda uliopotea katikati ulihesabiwa dhidi ya wazazi.