Nambari isiyohitaji alama ya kutoa

Hebu tuanze na kitendawili. Una mizani ya vitanga viwili, ile ya zamani ya dukani, na mawe manne tu: la kilo 1, la 3, la 9 na la 27. Utapimaje mahindi ya kilo 5? Rahisi! Weka jiwe la 9 upande mmoja, kisha la 3 na la 1 upande wa mahindi. Tisa toa tatu toa moja ni tano. Kwa mawe hayo manne waweza kupima uzito wowote wa kilo kamili, kuanzia 1 hadi 40. Mfaransa Bachet alichapisha fumbo hili mwaka wa 1612.

Bila kujua, umeandika 5 katika besi ya 3, lakini ya aina yake. Badala ya tarakimu 0, 1 na 2, tunatumia toa moja, sufuri na jumlisha moja. Tuziandike −, 0, +. Basi 5 ni + − −. Je, hasi 5? Geuza kila alama: − + +. Basi! Hakuna alama ya ziada mbele. Tarakimu ya kwanza isiyo sufuri yenyewe hukuambia kama nambari ni chanya au hasi.

Wanaprogramu wenzangu, hapa ndipo penye utamu. Tarakilishi zetu za besi ya 2 zikiwa na biti 8 hubeba kuanzia −128 hadi 127. Iko wapi 128? Haipo! Ndiyo maana katika Java, ukiitisha thamani isiyo na alama ya nambari hasi kubwa kuliko zote, −2147483648, Math.abs itakurudishia hasi ileile. Programu inayoamini jibu hilo ni chanya inaweza kuanguka. Mfumo wa −, 0, + hauna mtego huo, kwa sababu pande zote mbili ni sawa.

Je, kuna aliyejaribu kuujengea mashine? Naam. Mwaka wa 1840 Mwingereza Thomas Fowler, wa mji mdogo wa Great Torrington, alitengeneza mashine ya hesabu ya mbao kwa mfumo huu. Hataza yake ya awali, ya mtambo wa kupasha joto kwa maji, ilikuwa imeigwa na watu bila kumlipa, kwa hiyo safari hii alificha michoro. Mashine yenyewe ilipotea.

Kisha mwaka wa 1958, katika Chuo Kikuu cha Moscow, Nikolay Brusentsov na wenzake wakawasha Setun. Neno lake lilikuwa na tarakimu 18, likibeba kuanzia −193,710,244 hadi 193,710,244. Zilitengenezwa takriban 50, na kazi hiyo ikasimamishwa mwaka wa 1965.

Mbona haikuenea? Sababu moja twaiona ndani ya mashine yenyewe. Kila tarakimu ilihitaji vipande viwili vya sumaku, ambavyo vingetosha kubeba biti mbili. Yaani hesabu ilikuwa ya tatu, lakini vifaa vilikuwa bado vya mbili!

Fundisho ni lipi? Besi ya 2 haikushinda kwa kuwa hesabu yake ni nzuri zaidi. Ilishinda kwa kuwa swichi ya kuwasha na kuzima ni rahisi kutengeneza. Nasi tungali tunalipa gharama, kila tunapoisahau ile −128.