Udongo Usiopitia Motoni: Mapambo ya Mikono katika Nchi ya Busia na Tororo

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumweleza fundi anayewatengenezea wenzake vitu vizuri, ilhali nyumbani kwake hana hata kimoja. Hapa tunapenda kuitumia kwa maana ya pili. Mwanahistoria wa ufinyanzi naye hulia gaeni. Mara nyingi hana chungu kizima mbele yake, ana vigae tu vilivyofukuliwa ardhini, na kwa vigae hivyo hujaribu kuyaeleza maisha ya watu waliokwisha kupita. Lakini kigae hutokana na chungu kilichochomwa. Je, vile vitu vya udongo ambavyo havikupata kuchomwa, vilivyokaushwa kwa upepo na jua tu, habari zake zimehifadhiwa wapi? Hilo ndilo swali tunalokusudia kulijadili katika makala hii, na tutalijadili kwa kuitazama nchi iliyo baina ya Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Yafaa kwanza tukumbushane kwamba mpaka huo si wa kale. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Siku hiyo Waingereza waliihamisha kwenye utawala wa Afrika Mashariki, ambao baadaye uliitwa Kenya, na mwaka 1926 mpaka ukathibitishwa kwa amri rasmi. Wasamia walijikuta pande zote mbili, na Waiteso vivyo hivyo. Upande wa Tororo wapo pia Wapadhola, ambao lugha yao ni ya jamii moja na Kijaluo. Upande wa Busia ya Kenya wapo Wakhayo na Wamarachi, ambao ni miongoni mwa Waluhya. Watu wote hao wameishi kando ya maji yale yale: Mto Sio, Mto Malaba, na vinamasi vya mafunjo ambamo hupatikana udongo mzuri wa kufinyangia. Hata majina ya vyombo yanasimulia ujirani huo. Waluhya wana neno inyungu, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo neno nyungu. Waluo nao husema agulu.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kueleza tofauti iliyopo baina ya udongo uliokauka na udongo uliochomwa. Udongo wa mfinyanzi ni chembe ndogo mno zilizo bapa, ambazo huteleza zikiwa na maji katikati yake. Ndiyo sababu ukiwa mbichi hukubali umbo lolote. Maji yakikauka, chembe husogeleana, kitu husinyaa kidogo na kuwa kigumu. Hata hivyo ugumu huo si wa kudumu, kwani ukikitia kitu hicho majini hurudi kuwa tope. Moto unapofikia takriban nyuzi 600 za Selsiasi, hata yale maji yaliyofungamana na asili ya udongo wenyewe hutoka, na hapo udongo hugeuka kuwa kitu kingine ambacho hakiwezi tena kuwa tope. Basi chungu kilichochomwa, hata kikivunjika, vigae vyake vyaweza kukaa ardhini miaka elfu mbili. Pambo lililokaushwa kivulini huisha likipata mvua za msimu mmoja.

Tuanze na vile ambavyo ardhi imevitunza. Mahali paitwapo Urewe, katika nchi ya Siaya kusini mashariki ya Busia, mmisionari wa Kianglikana Walter Edwin Owen alikusanya vigae vya namna ya pekee. Owen alifariki mwaka 1945, na uchunguzi huo ukachapishwa mwaka 1948 pamoja na kazi ya Mary na Louis Leakey. Vyungu hivyo vilikuwa na michirizi iliyochorwa kwa uangalifu, midomo iliyochongwa pembe, na baadhi yake vilikuwa na kibonyo kidogo kitakoni. Siku hizi wataalamu wanajua kwamba ufinyanzi wa Urewe ulienea pande nyingi za Ziwa Viktoria, tangu karne za mwisho kabla ya Kristo hadi karne kadhaa baada yake, na kwamba uliandamana na watu waliojua kufua chuma. Baadaye mtindo huo ulitoweka, na mahali pake pakaingia nakshi ya kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Nakshi hiyo imeendelea kutumiwa na wafinyanzi wa nchi hizi hadi zama zetu.

Si vyungu peke yake vilivyosalia. Mwaka 1929, ardhi ilipokuwa ikichimbwa katika eneo la gereza la Luzira karibu na Kampala, palipatikana kichwa na vipande vya sanamu ya mtu iliyofinyangwa kwa udongo na kuchomwa. Sanamu hiyo imehifadhiwa British Museum, London. Kwa kuwa vitu vya aina hiyo ni nadra, mtu aweza kudhani kwamba watu wa nchi hizi hawakuwa na mazoea ya kufinyanga maumbo ya watu na wanyama. Dhana hiyo, kwa maoni yetu, ni ya haraka. Kinachoonekana kuwa nadra ni sanamu zilizochomwa. Zile zisizochomwa hazikuweza kumngoja mchimbuaji.

Tukitazama maisha ya vijijini, tunaona kwamba kazi ya udongo usiochomwa ilikuwa nyingi kuliko ile ya vyungu. Kwanza ni nyumba yenyewe. Wanaume walisimamisha miti na fito, kuta zikajazwa udongo, kisha wanawake wakazikandika kwa mchanganyiko wa udongo laini na samadi ya ng'ombe. Juu ya kuta hizo walitia nakshi kwa vidole kabla hazijakauka, au wakazipaka udongo wa rangi: mwekundu wa ngeu, mweupe, na mweusi wa kinamasini. Nyumba ilipambwa upya baada ya mvua kubwa, au panapokaribia arusi na sikukuu. Mwanamke aliyekuwa na mkono mzuri alijulikana kijiji kizima, wala hapakuwa na haja ya kuandika jina lake ukutani.

Pili ni kazi ya watoto. Wavulana waliochunga mifugo walichota udongo mtoni wakafinyanga ng'ombe wenye nundu na pembe, wakawaanika juani, kisha wakawatengenezea zizi lao. Wasichana walifinyanga vyungu vidogo, mafiga na watoto wa bandia. Mzee aliwatazama, akajua ni mtoto gani ana jicho la kuona na mkono wa kutii. Tatu ni mapambo ya mwili. Miongoni mwa Wakaramoja na Waturkana, ambao kwa lugha ni ndugu wa Waiteso, wanaume watu wazima walizikandika nywele zao kwa udongo zikawa kofia ngumu, wakaipaka rangi na kuichomeka manyoya ya mbuni. Hilo lilikuwa pambo la udongo mkavu lililochukua saa nyingi kutengenezwa, na mwenye nalo alilala juu ya kigoda cha kichwani ili lisiharibike.

Samadi na majani yaliyokatwakatwa havikutiwa katika udongo kwa ajili ya kuongeza wingi tu. Nyuzi zilizomo hushika chembe za udongo zinaposinyaa, nazo hupunguza nyufa. Mfinyanzi wa vyungu hutafuta faida ya namna hiyo kwa kutia mchanga au vigae vilivyosagwa. Udongo wa pakiti unaouzwa madukani siku hizi, ule usiohitaji tanuri, hufuata kanuni hiyo hiyo, kwani mwingi wake hutiwa nyuzi za mimea au karatasi pamoja na gundi. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaofikiri kwamba kufinyanga pambo bila tanuri ni maarifa mageni yaliyoletwa na viwanda. Mwanamke aliyekandika nyumba yake kando ya Mto Sio aliyajua maarifa hayo bila kuyasoma popote.

Basi maarifa ya kitu kisichodumu huhifadhiwaje? Jibu letu ni moja: huhifadhiwa kwa kufundishana. Ingrid Herbich, aliyechunguza kazi ya wafinyanzi wa Kijaluo huko Siaya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1987, alionyesha kwamba mara nyingi mwanamke hakuanza ufinyanzi kwa mama yake mzazi. Alijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe wake na wanawake wenzake wa boma la mumewe, naye akaifuata nakshi ya huko. Mtindo ulidumu mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, ingawa mikono iliyoufanya ilikuwa imetoka kwingine. Chungu kikivunjika, mwanahistoria aweza kuokota vigae. Lakini mfululizo wa mama mkwe na mkaza mwana ukikatika, kwa kazi ya udongo usiochomwa hakuna atakachookota.

Na mfululizo huo umetikiswa sana. Sufuria, karai na debe viliingia kwa njia ya maduka na reli, halafu vikaja vyombo vya plastiki. Mabati yalichukua nafasi ya nyasi. Tororo, ambayo mwamba wake mkubwa huonekana na msafiri akiwa bado mbali, ilipata kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950, kwa sababu mawe ya chokaa yalipatikana hapo hapo. Hatuwezi kumlaumu mtu anayejenga nyumba ya kudumu. Ukuta wa saruji haumtaki mama aukandike upya kila mwaka, na kazi ile ilikuwa nzito. Lakini ukuta usiohitaji kukandikwa hauhitaji pia nakshi ya vidole, na msichana aliyekulia ndani yake hana siku ya kushika udongo pamoja na bibi yake.

Hapo ndipo shule inapoingia katika historia hii. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza mafunzo ya sanaa Makerere, na mwaka huo huo kikachapishwa kitabu chake kuhusu sanaa za Kiafrika na ustawi wake shuleni. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi wa Kiafrika aanzie katika mazingira na mapokeo yake, asiambiwe kunakili picha za Ulaya. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi ya Kenya mwaka 1922. Maloba alivuka mpaka akaenda Makerere, akawa mwanafunzi, kisha mwalimu, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962, ya mama aliyezungushiwa vifungo anayemwinua mtoto juu, ni kazi yake. Uganda ilimpa kijana wa ng'ambo ya pili kazi ya kuutolea uhuru wake umbo, wala hatujui mfano bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba ufundi wa nchi hizi ni wa pamoja.

Kwa ajili hiyo tunaamini kwamba somo la kufinyanga si mchezo wa kupitishia saa ya mwisho. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika katika madarasa ya chini ya Kenya mwaka 2019 unataka watoto wafinyange, na wazazi wengine hulalamika kwamba vifaa ni ghali. Ilhali mwalimu wa Busia au Tororo hahitaji kununua pakiti. Achimbe udongo wa mtoni, auanike, autwange na kuuchekecha; aulowanishe, aukande hadi utoke hewa yote; autie samadi iliyokauka na kusagwa, au karatasi zilizolowekwa na kupondwa. Watoto wafinyange shanga, vidani, hereni na vibao vya ukutani. Matundu ya uzi yatobolewe kwa kijiti kabla udongo haujakauka. Vitu vianikwe kivulini na kugeuzwa kila siku, kwani jua kali hukausha nje upesi kuliko ndani na kuleta nyufa. Vikikauka visuguliwe kwa jiwe laini na kupakwa ngeu au chokaa.

Jambo la pili lawahusu hasa walimu wa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa pande mbili za mpaka wana nafasi ya kuwafundisha watoto maneno kwa mikono yao: kukanda, kufinyanga, kukandika, kuanika, kusinyaa, kigae, nakshi. Mtoto aliyeyatamka maneno hayo huku vidole vyake vimejaa tope hatayasahau kwa urahisi. Naye akitoka shuleni amuulize bibi yake nakshi ile ya ukutani iliitwaje kwa Kisamia, kwa Kiteso au kwa Kipadhola, ilitiwa msimu gani, na ni nani aliyemfundisha.

Majibu ya akina bibi hao ndiyo vigae pekee tutakavyovipata vya kazi ambayo haikupitia motoni. Yakiandikwa na wanafunzi katika madaftari, pamoja na kielelezo kimoja cha nakshi kwa kila jina, shule moja yaweza kwa muhula mmoja kukusanya zaidi ya kile ambacho ardhi imekitunza kwa miaka elfu. Tunawaomba walimu wenzetu wa Busia na Tororo waianze kazi hiyo mapema, maana wenye majibu wamekwisha kuwa wachache. Udongo uwahi ungali maji.