Majumba Yapaayo: Safari za Angani katika Fasihi ya Kisanskriti

Vita vya Lanka vimekwisha. Mfalme Ravana ameuawa, Sita aliyemteka amepatikana, na Rama anataka kurudi Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamishoni. Vibhishana, mfalme mpya wa Lanka, anamletea Pushpaka: jumba la dhahabu na vito lenye vyumba na madirisha, liendalo hewani kwa kasi ya fikra, kokote anakotaka mwenye kulipanda. Rama anaingia na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana, na jeshi la nyani nalo linapata nafasi. Hicho ndicho chombo cha angani mashuhuri kuliko vyote katika Kisanskriti, na utenzi wa Ramayana, unaonasibishwa na Valmiki, ndio uliokitangaza. Wahindu wengi huadhimisha marejeo hayo ya Rama kwa taa za Diwali, ambazo Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huwashwa pia kila mwaka.

Pushpaka liliundwa na Vishvakarma, fundi wa miungu, kwa ajili ya Brahma. Brahma akampa Kubera, bwana wa utajiri. Ravana akamnyang'anya Kubera, nduguye kwa baba. Na Rama alipofika nyumbani akalirudisha kwa Kubera. Hanuman, nyani aliyelichungulia usiku alipokwenda Lanka kumtafuta Sita, aliona humo ndege wa marijani na nyoka wa vito. Mshairi anatupitisha pambo baada ya pambo. Nguvu inayoliinua jumba haimshughulishi: linatii nia ya mwenyewe, basi, na mahali pengine tunaambiwa linakokotwa na mabata bukini.

Jina la vyombo hivi, vimana, ndilo pia jina la kasri la ghorofa nyingi, na huko kusini mwa India ndilo jina la mnara unaosimama juu ya patakatifu pa hekalu. Mnara wa Thanjavur, uliokamilishwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza mwaka 1010, ni vimana ya mawe yenye urefu wa takriban mita 60. Washairi walipoipa miungu usafiri, waliipa makao yake yaleyale, yakang'olewa ardhini na kupaa. Kabla yao, nyimbo za Rig Veda zilikuwa na magari ya kukokotwa angani, kama lile la miungu mapacha Ashvin. Katika utenzi wa Mahabharata miji mizima inaruka: Saubha, mji wa mfalme Shalva, ambao Krishna aliuangusha kwa kisahani chake, na miji mitatu ya Tripura, wa dhahabu, wa fedha na wa chuma, aliyoiteketeza mungu Shiva kwa mshale mmoja.

Ninayasema haya kwa sababu kuna kitabu kimoja kinachowazuia watu wengi wasiyaone. Vaimanika Shastra hudaiwa kuwa mafunzo ya mwenye hekima wa kale, Bharadvaja, kuhusu uundaji wa ndege. Ukweli ni kwamba maneno yake yalitoka kinywani mwa Subbaraya Shastry, aliyeyasema huku mwenzake akiandika, kati ya 1918 na 1923. Michoro ya mitambo ikaongezwa na mchoraji wa Bangalore. Na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa Mysore mwaka 1973. Mwaka uliofuata wataalamu watano wa Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore, walikichambua kwa makini. Waliona kwamba Kisanskriti chake ni cha siku hizi, kwamba hakuna dalili ya kuwapo kwake kabla ya 1904, na kwamba hata kimoja katika vyombo vilivyochorwa kisingeweza kuruka. Hata hivyo, Januari 2015, katika Kongamano la Sayansi la India mjini Mumbai, madai ya ndege za kale yalisomwa tena jukwaani, wanasayansi wengi wakapinga. Linaniuma jambo hili. Anayetafuta injini katika Ramayana anaiacha Ramayana yenyewe mlangoni.

Na kinachoachwa ni kikubwa. Mchukue mshairi Kalidasa, wa karne ya 4 au ya 5. Katika sura ya 13 ya utenzi wake Raghuvamsha anaisimulia upya safari ya Pushpaka, na mara hii Rama anamwonyesha Sita dunia kutokea juu. Pwani ya mbali, yenye mivumo na miti myeusi, inaonekana kama mstari wa kutu kwenye ukingo wa gurudumu la chuma. Mto Mandakini, kwa umbali, umekuwa mwembamba kama mkufu wa lulu. Sita anatoa mkono dirishani aguse wingu, na umeme unamvisha bangili. Katika tamthilia yake ya Shakuntala, mfalme Dushyanta anashuka kutoka mbinguni ndani ya gari la Indra, mfalme wa miungu, na kuona ardhi kana kwamba inateremka kutoka vilele vya milima. Miti inachomoza kwenye majani yake, mito iliyokuwa nyuzi inapanuka. Aliyewahi kukaa dirishani ndege ikitua ataijua picha hiyo mara moja. Kalidasa hakupanda kitu chochote kirukacho. Alikaa chini akafikiri kwa uaminifu jinsi macho yangeona, na kwangu hilo ni ajabu kuliko zebaki na vyuma vyote vya Vaimanika Shastra.

Watunzi wa hadithi nao walikuwa na maseremala wao. Somadeva wa Kashmir, karne ya 11, anasimulia habari za ndugu wawili wa mji wa Kanchi, Pranadhara na Rajyadhara. Pranadhara aliunda mabata ya mbao yaliyoingia kwa kamba katika hazina ya mfalme na kutoka na vito midomoni. Wizi ulipogunduliwa, kila ndugu alitoroka kwa chombo chake cha angani. Cha Pranadhara kilikata yojana 800, kipimo cha kale cha umbali, kwa mwendo mmoja. Mtunzi mwingine, Budhasvamin, naye ana malkia mwenye mimba anayetamani kuizunguka dunia kutokea juu. Maseremala wa mfalme wanaitwa, wanatetemeka, wanajibu kwamba wao wanajua mitambo mingine, lakini ya kuruka wanaijua Wayavana, yaani Wagiriki. Hatimaye anajitokeza mgeni asiyejulikana na kuunda chombo chenye umbo la Garuda, ndege wa Vishnu.

Kitabu kinachokaribia ufundi wa kweli ni Samarangana Sutradhara, kinachonasibishwa na mfalme Bhoja wa Dhar, wa karne hiyohiyo ya 11. Ni kitabu cha ujenzi chenye sura 83, na sura ya 31 inahusu mitambo. Humo mna ndege wa mbao nyepesi mwenye zebaki tumboni juu ya moto, na mwingine mzito mwenye vyungu vinne vya zebaki. Lakini namna ya kuviunda imefichwa kwa makusudi, na mwandishi anasisitiza kwamba ni kwa ajili ya kutunza siri, si kwa kutojua. Sura hiyo inaendelea na mitambo ya maji, walinzi wa mbao wa mlangoni, na mwanasesere anayecheza huku akitia mafuta kwenye taa.