Ng'ombe Watatu wa Roncal: Kodi, Fidia au Ada?

Kila tarehe 13 Julai, katika milima ya Pyrenees, watu wa bonde la Barétous, upande wa Ufaransa, huwakabidhi wenzao wa bonde la Roncal, upande wa Hispania, ng'ombe watatu. Wahispania huiita desturi hiyo *tributo*, neno ambalo mfasiri mwenye haraka ataliandika "kodi". Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwasihi wanafunzi wasiliamini neno la kwanza la kamusi kabla ya kumjua anayetoa na anayepokea.

Kodi huwa na bwana. Barétous haikutawaliwa na Roncal hata siku moja: lile lilikuwa bonde la Béarn, hili la ufalme wa Navarra. Kilichowagombanisha ni majani na maji. Miamba ya huko ni ya chokaa. Theluji ikiyeyuka, maji huzama ardhini, na chemchemi ni za kuhesabu. Kondoo wa Roncal hushuka majira ya baridi hadi nyanda kavu za Bardenas, ambazo hufunguliwa kwao kila tarehe 18 Septemba, lakini wakati wa kiangazi hawana pa kwenda ila juu. Na juu walikutana na mifugo ya Barétous.

Damu ilimwagika. Masimulizi huanza na wachungaji wawili kwenye chemchemi moja, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Hatimaye pande zote mbili zilikubali kuamuliwa na bonde la tatu, Ansó, la Aragón. Hukumu ilitolewa tarehe 16 Oktoba 1375. Kwangu mimi, uzito wa kisa umo hapa: wafugaji waliamuliwa na wafugaji, watu waliojua kiu ya ng'ombe ni nini.

Barétous wangeyatumia malisho na maji kwa muda maalumu, nao wangetoa kila mwaka ng'ombe watatu wa umri wa miaka miwili, wasio na ila, wanaofanana meno, rangi na pembe. Msomaji aliyewahi kuketi katika kikao cha mahari atayatambua masharti ya namna hiyo! Mpaka leo meya wa Isaba, kijiji cha Roncal, huuliza mara tatu kama wako tayari kutoa, nao hujibu mara tatu kwamba wako tayari. Kisha wajumbe hupandanisha mikono juu ya jiwe la mpakani na kutamka: *Pax avant*, yaani amani na iendelee mbele. Daktari wa mifugo huwakagua ng'ombe.

Navarra ilitwaliwa mwaka 1512, Béarn ikaunganishwa na Ufaransa mwaka 1620. Mataifa hayo mawili yalipoandikiana mkataba wa mipaka huko Bayonne mwaka 1856, yaliyakuta mapatano ya wachungaji yamewatangulia, yakayatambua.

Je, tuseme fidia? Fidia ikishalipwa huisha. Zawadi? Zawadi haidaiwi mara tatu mbele ya mashahidi. Mimi nachagua *ada*. Tunasema ada ya shule, tukikusudia malipo. Tunasema "ada ya mja hunena", tukikusudia mazoea. Ng'ombe hawa ni yote mawili kwa pamoja: malipo yaliyogeuka mazoea, na mazoea ambayo bila malipo yangekuwa maneno matupu. Nashangaa Kiswahili kimelihifadhi jambo hilo katika herufi tatu tu.

Lipo lililopotea. Watu wa Roncal walikuwa na lahaja yao ya Kibasque. Msemaji wake wa mwisho, Fidela Bernat, alifariki mwaka 1991. Ada bado hutolewa kila Julai, na *Pax avant* bado hutamkwa juu ya jiwe. Lakini lahaja ambayo wafugaji wa bonde lile waliitia mbuzi na kondoo wao haina tena mtu aliyerithishwa na mama yake.