Gololi za Bernal

Apimaye mchele kwa pishi hukitikisa kipimo ili punje zishuke. Walakini kushuka huko kuna ukomo. Mwaka 1611 Johannes Kepler alidai kwamba hakuna mpango wa matufe yaliyo sawa unaoushinda ule wa machungwa sokoni, ambao hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Je, yakimiminwa ovyo? J. D. Bernal wa London, aliyetafuta umbo la ndani la vimiminika, alirundika gololi za chuma pamoja na mwenzake Mason, wakazimwagia rangi nyeusi. Ilipokauka, wakahesabu alama za miguso. Hayo yalichapishwa mwaka 1960. Marundo ya aina hiyo, yatikiswapo, hukomea karibu na asilimia 64. Mwaka 2000 Salvatore Torquato na wenzake walipinga ukomo huo: ukiruhusu mpangilio kidogo, rundo huzidi kushikamana. Pingamizi zito, kwani hilo neno “ovyo” halikuwa limepewa fasili.