Imani, Matendo na Deni la Jirani: Urejeshaji wa Mali katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Mjadala wa imani na matendo mema katika historia ya Ukristo kwa kawaida huandikwa kama kesi yenye pande mbili: Mungu na mwenye dhambi. Ndivyo ulivyorithiwa kutoka Ulaya ya karne ya 16, Martin Luther alipolitia neno la kusisitiza imani peke yake katika tafsiri yake ya Kijerumani ya Waraka kwa Warumi mwaka 1522, na Mtaguso wa Trento ukatoa jibu la Kikatoliki mwaka 1547. Makala haya yanadai kwamba Uamsho wa Afrika Mashariki ulimwingiza katika kesi hiyo mtu wa tatu, yaani jirani aliyeibiwa, na kwamba kuingia kwake kuliwatatiza hata wale waliohubiri wokovu kwa imani tu.

Chimbuko la Uamsho huhusishwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, kituo cha misheni ya Kianglikana alikofika daktari Joe Church mwaka 1928. Ya pili ni Namirembe, Kampala, ambako Septemba 1929 Church alikutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Hali waliyoilalamikia inaeleweka tukikumbuka kwamba katika Uganda Mkristo aliitwa msomaji. Dini ilikuwa kusoma: mtu alijifunza herufi, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani, akatoa sadaka. Hizo zilikuwa ngazi, na aliyezipanda alihesabiwa kuwa amefika. Kwa Nsibambi, aliyepanda ngazi zote hizo bila kutubu alikuwa bado hajaanza.

Inafaa kutua kidogo Gahini, kwa sababu kiini cha kituo kile kilikuwa hospitali. Kama kuna mahali ambapo matendo mema yalijengewa kuta na kuezekwa paa, ni pale. Hata hivyo wafanyakazi wake hawakuelewana. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, alipelekwa Kampala kwa Nsibambi akiwa amechoshwa na kazi. Alipoulizwa habari za hospitali, alieleza maovu yake. Nsibambi akamjibu kwamba chanzo kilikuwa dhambi ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alitubu akiwa njiani kurudi. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa imani kuyashinda matendo. Mwandishi wa makala haya anakisoma vingine: toba ile ilipimwa na wenzake palepale wodini, kwa namna alivyowatendea wagonjwa na wafanyakazi wa chini yake.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1930, walokole, kama walivyokuja kuitwa kutokana na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka, walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza majirani: walirudisha vitu. Mtumishi wa nyumbani alirudisha alichokificha, karani alilipa fedha alizozichukua, mfugaji alipeleka mnyama kwa mwenyewe. Kielelezo chao kilikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko aliyeahidi kulipa mara nne. Katika Injili ya Luka, tangazo kwamba wokovu umeifikia nyumba ile linakuja baada ya ahadi hiyo, si kabla. Mpangilio huo haukuwasumbua wahubiri. Mtafiti hawezi kuupita hivihivi.

Mafundisho rasmi ya Uamsho yalikuwa wazi: damu ya Kristo imetosha, na urejeshaji ni tunda tu. Lakini palikuwa na mkutano wa ushirika, na mkutano ulikuwa na masikio. Aliyesimama na kutangaza kwamba ameokoka, huku mbuzi wa jirani angali zizini mwake, hakusadikiwa. Kwa hiyo tendo ambalo mbele za Mungu halikununua kitu, mbele ya ndugu lilikuwa sharti la kutambuliwa. Baadhi ya watafiti wanauona huu kuwa unafiki wa kimafundisho. Hoja hiyo haitoshi. Mwenye mbuzi hakuwa na haja ya kujua kama mbuzi wake ni sababu ya wokovu au tunda lake. Alichojua ni kwamba zizi lake limepata haki yake.

Neno haki lenyewe lastahili kuangaliwa. Uamsho ulizaliwa katika Kinyarwanda, Kiganda na lugha za Ankole na Kigezi. Ulipoenea Tanganyika na Kenya ulikutana na Kiswahili cha kanisa, ambacho Biblia ya mwaka 1952 ilikisambaza. Humo, istilahi ya Paulo ni kuhesabiwa haki: lugha ya daftari la hesabu. Lakini katika Kiswahili cha kila siku haki ni kile mtu anachostahili kupewa, na anayenyimwa hudai. Msikilizaji aliyesikia kwamba amehesabiwa haki bure angeweza, kwa lugha yake mwenyewe, kuuliza haki ya aliyeibiwa imehesabiwa wapi. Swali hilo halikuhitaji elimu ya theolojia. Katika Buhaya, Uamsho uliwafikia Walutheri, warithi wa fundisho la imani pekee. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alilelewa kiroho na Uamsho huo.

Hata hivyo daftari la walokole lilikuwa na mipaka, na Kenya ndiko mipaka hiyo ilikoonekana. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa pia kubeba silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Ujasiri wao haubishaniwi hapa. Linalobishaniwa ni kwamba mali waliyozoea kuirejesha ilikuwa ya mtu kwa mtu: jembe, shilingi, mnyama. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kwa sheria na mipaka ya ramani, na hakuna mwizi mmoja aliyeweza kusimama mkutanoni akatubu. Kwa majirani wao waliopoteza mashamba, imani iliyodai kurudishwa kwa kijiko cha mzungu bila kudai shamba ilionekana kuhesabu haki kwa upande mmoja. Lawama hiyo ni nzito, ingawa inawatwika walokole mzigo ambao makanisa makubwa, yenye maaskofu na sauti serikalini, nayo hayakuubeba ipasavyo.

Ndani ya Uganda suala la deni lilirudi kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1970 kundi la Bazukufu, yaani walioamka upya, lililoongozwa na Yona Mondo, liliwashutumu walokole wenzao kwa kulegea, na miongoni mwa makosa waliyoyataja ni kukopa. Deni, ambalo hapo awali mtu alilipa kwa sababu ameokoka, sasa lilikuwa dalili kwamba hajaokoka sawasawa. Nsibambi na Church walianza kwa kuwalaumu wasomaji waliozihesabu ngazi. Miaka arobaini baadaye ngazi zilikuwa zimeanza kuhesabiwa tena, katika mikutano ileile.